Chuo Kikuu cha Sebuleni

Nina miaka kumi na saba, na watu wazima wakisikia naandika kumbukumbu za maisha yangu wanacheka kwanza, halafu wananiuliza maisha gani. Wacheke. Mwezi uliopita tulimzika Babu kule Buigiri, na tuliporudi kutoka makaburini niliwakuta Mwalimu Rehema na Sosi dereva wamekaa jamvi moja na Mama, sahani za wali mapajani, wanabishana kuhusu swali la nne la mtihani walioufanya na kuufaulu zamani. Swali la nne, msibani. Shangazi mmoja akawatupia jicho la kanisani, wala hawakumwona. Sikuwa nimewaona watatu hao pamoja tangu mwaka ule nilipokuwa kidato cha tatu, mwaka ambao sebule yetu ya Nkuhungu iligeuka chuo kikuu na nyumba nzima ikakosa pa kukaa. Na Babu, ambaye siku hiyo ya msiba tulikuwa tumetoka kumfukia, ndiye aliyekaribia kukifunga chuo hicho kwa neno moja tu, bila kukusudia.

Nianze na sebule yenyewe. Makochi yalisukumwa ukutani yakapangana kama wagonjwa wanaosubiri dawa. Meza ya chakula ikahamia chini ya dirisha, kwa sababu hapo ndipo mtandao ulipokuwa unakamata. Televisheni ikafunikwa kitambaa cha kufuma, ikawa kama imefiwa. Sisi wengine tukawa tunakula jikoni tumesimama, au barazani tukipambana na vumbi, maana upepo wa Dodoma ukikukuta na sahani unakuongezea kitoweo usichokiomba. Lakini kichekesho ni kwamba hata Mama mwenyewe hakukaa kwenye ile meza. Alisoma akitembea. Alfajiri ungemsikia anazunguka, kandambili zinalia, simu ameiweka ndani ya bilauri ya bati ili sauti ikue, na kutoka ndani ya bilauri mhadhiri anaeleza namna ya kuhifadhi kumbukumbu za taasisi. Anasonga ugali, mhadhiri yupo. Anakata mlenda, mhadhiri yupo. Mimi najua leo muda ambao faili la mtumishi mstaafu linatakiwa kutunzwa kabla ya kuteketezwa, na sijawahi kumwomba mtu yeyote anifundishe.

Sababu ya yote hayo ilijulikana nyumba nzima. Mama alifanya kazi masijala, pale mafaili ya ofisi yanapoishi, na alikuwa kaimu mkuu wa kitengo. Kaimu tangu mimi nikiwa na meno ya utoto. Kazi zote za mkuu alizifanya yeye, lawama zote za mkuu alizipokea yeye, ila kila barua aliyoitia saini ilibidi aanze na zile herufi tatu, Kny., yaani kwa niaba ya. Kwa niaba ya mtu ambaye hakuwepo na hajawahi kuwepo, kwa sababu kiti kilikuwa kitupu kikimsubiri mwenye shahada, na Mama alikuwa na stashahada aliyoipata kabla mimi sijazaliwa. Nafasi hiyo ingetangazwa mwaka huohuo. Akiwa na shahada siku hiyo, angethibitishwa. Asipokuwa nayo, angekuja mwingine. Akapata chuo kilichokubali kuitambua ile stashahada na miaka yake ya kazini, kikampunguzia masomo, yaliyobaki akayasoma kwa mtandao. Mimi niliposikia kwamba kuna mahali wanakuhesabia uzoefu, nikaenda kwa mwalimu wetu wa hisabati nikamwomba na mimi anitambue, maana nina uzoefu wa miaka mingi wa kugombana na somo lake. Aliutambua. Nilifagia uwanja wa shule.

Jumamosi ndiyo siku chuo kilipojaa. Mwalimu Rehema alikuja kutoka Area D na chupa yake ya chai, kwa sababu alisema chai ya kwetu ina maji mengi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye sauti ya kuvuka viwanja viwili. Sosi alikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali, mtaratibu, suruali imenyooka kama rula. Walisoma masomo tofauti lakini kuna manne yaliyowakutanisha, na nadhani kilichowakutanisha zaidi ni kuogopa kusoma peke yao. Mimi nilijifanya nasafisha kabati la vyombo ili niwasikilize. Lile kabati halijawahi kung'aa vile.

"Sosi, wewe dereva, gari unaliendesha vizuri," Mwalimu Rehema alimwambia siku moja. "Utawala wa umma unautakia nini?"

"Kucheka, Madam."

"Kucheka nini?"

"Ndiyo sababu yenyewe. Mabosi wanakaa nyuma, wanataniana. Mmoja anasema jambo la kuchekesha kweli, na mimi naangalia barabara kama sanamu. Dereva akicheka imeonekana alikuwa anasikiliza. Nasoma ili siku moja nicheke ndani ya gari."

Mwalimu Rehema alipiga meza mpaka chai ikamwagika. Kisha akasema ya kwake, sauti ikiwa imeshuka hadi kiwanja kimoja. "Mimi nilimshika mtoto mkono nikamfundisha kushika penseli. Mwaka jana kaja shuleni kwetu mkaguzi. Ni yeye. Akaniambia mwalimu, unafanya kazi nzuri, ila ujiendeleze. Nikamwambia asante mkaguzi. Nikaenda chooni nikacheka, nikalia kidogo, nikanawa uso, jioni nikajisajili."

"Na wewe Mama Mwendwa?" Sosi akauliza. Mwendwa ni mimi.

"Mimi nataka kusaini tu," Mama akasema. "Kusaini jina langu, basi, bila kitu mbele yake. Tuendelee, ukurasa wa ngapi?"

Mtaani hawakuwaelewa. Mama Johari, jirani yetu, alikuwa na msemo wake, digrii za kwenye simu, na aliutumia kila alipokuja kuomba chumvi. Siku moja aliusema mbele ya Babu. Babu hakuwa anaona tangu utotoni, alisomea palepale Buigiri katika shule ya wasioona, na alipokuja kwetu kutembea alikuwa hana makuu, alitaka redio yake, maziwa mgando, na mtu wa kumsikiliza kuhusu ng'ombe wake. Mama Johari akasema, "Mtu utasomaje, mwalimu humwoni, ubao huuoni?" Babu akapunguza redio. "Mimi sijawahi kumwona mwalimu wala ubao," akasema, "na nilikuwa wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa anaiba." Akaongeza redio. Mama Johari alirudi kwake na ile chumvi ameisahau mezani.

Tatizo la Babu lilikuwa moja. Hakupiga simu kabla ya kuja. Kwake yeye, kupiga simu kumwarifu mwanao kwamba unakuja ni sawa na kuomba ruhusa ya kuingia kwako. Alipanda gari asubuhi, akashuka stendi, akapata kijana wa bajaji anayemfahamu, na ukishtukia fimbo yake inagonga ngazi yetu.

Ulipofika mtihani wa mwisho, Mama alijiandaa kama mtu anayejificha kwenye vita. Kanuni zilikuwa ngumu. Mtihani unafanyika nyumbani, kompyuta inakutazama na kukusikiliza. Unaizungusha kwanza ionyeshe chumba kizima, mpaka chini ya meza. Baada ya hapo haingii mtu, husemi neno, huondoki kwenye kiti, na ukikosea inajifunga yenyewe. Basi Mama akamwomba fundi wa kuchomelea vyuma, jirani wa kulia, apumzishe mashine. Jogoo akahamishiwa kwa Mama Johari. Watoto wa nyumba ya nyuma wakapewa ubuyu wakatawanyike mbali. Mimi nikafungiwa jikoni kwa ufunguo. Nilipinga, lakini sikuwa na hoja, kwa sababu miezi michache nyuma nilipita nyuma yake akiwa kwenye kipindi cha mtandaoni, ndoo kichwani, natembea kama roboti, na mhadhiri akamuuliza kwa upole kama nyumbani ni salama. Kwa hiyo hatari zote zilizojulikana zilifungwa. Mlango wa mbele ukabaki wazi na pazia tu, maana joto lilikuwa la kuchemsha ubongo.

Kati ya jikoni na sebule kulikuwa na kijidirisha cha kupitishia vyombo. Nilijikunja hapo nikimtazama Mama mgongoni. Kwa mara ya kwanza mwaka ule alikuwa amekaa. Miguu tu ndiyo iliyokuwa inacheza chini ya meza, kandambili moja imetoka. Alikuwa anaandika vizuri, niliona mabega yake yameshuka. Halafu nikasikia fimbo kwenye ngazi.

"Hodi."

Nkuhungu yote inaijua sauti ya Babu. Mama akaganda. Angekuwa mtu mwingine yeyote, angempungia mkono, angeweka kidole mdomoni, mgeni angeona na kuelewa. Babu angeona nini? Kwake yeye kimya ni mlango uliofungwa. Mimi ningeweza kupaza sauti kutoka jikoni, karibu Babu, subiri, lakini kompyuta ingesikia sauti ya mtu wa pili na kujifunga vilevile. Nikang'ata kanga iliyokuwa inaning'inia karibu na uso wangu.

"Hodi humu ndani."

Mama akatazama kioo cha kompyuta, akatazama pazia, akarudi kwenye kioo. Niliona shingo yake ikifanya kazi ngumu kuliko mikono. Na sote watatu tulijua inayofuata ni ipi. Hodi ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukiipiga usijibiwe, unageuka unakwenda zako, na Babu angegeuka, angempapasa kijana wa bajaji, angerudi Buigiri akijua kwamba alisimama mlangoni kwa binti yake, humo ndani akasikia mtu anapumua, na hakukaribishwa.

"Hodi," akasema, polepole, kama anayejiambia mwenyewe.

"Karibu, baba," Mama akasema, akasimama. "Shikamoo."

"Marahaba, Esta. Mbukwa."

Na hapo wakahamia Kigogo, kama wanavyofanya siku zote, na salamu za Kigogo hazina haraka. Mama alimshika mkono akamwongoza hadi kwenye kochi, wakapita mbele ya kompyuta taratibu kama maharusi, Babu na mfuko wa maboga kwapani, akieleza habari za ng'ombe. Kioo kikawa cheusi. Mama hakugeuka kukitazama. Alimuuliza mama mdogo hajambo, akauliza mvua, akauliza wagonjwa, akazimaliza salamu zote mpaka ya mwisho. Akamletea maji. Ndipo akaja kunifungulia mlango, uso umetulia kabisa, akasema, "Chemsha chai."

"Mbona nyumba kimya hivi," Babu akauliza, "kuna mgonjwa?"

"Nilikuwa nasoma, baba."

"Basi endelea, mimi nipo."

"Nimemaliza."

Ujumbe wa chuo ulikuja upesi. Alitakiwa kujieleza mbele ya kamati, kwa mtandao, kwa makosa matatu: kuzungumza, kuondoka kitini, na kuwa na mtu mwingine chumbani. Angeweza kufukuzwa. Jumamosi ile sebule ilikuwa kama kambi ya mawakili wabovu.

"Sema mzee alikuwa anaanguka," Sosi akashauri. "Haoni, kajikwaa kwenye ngazi, ukamdaka. Nani atabisha?"

"Sema presha," Mwalimu Rehema akasema. "Mzee mwenye presha habishiwi."

"Presha na ngazi kwa pamoja," nikasema kutoka kabatini, "na jogoo akamrukia." Nikafukuzwa. Lakini niliona Mama hajasema hapana. Alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari.

Habari zikamfikia Babu, kupitia mjukuu mmoja mwenye mdomo. Siku ya kamati akatokea, safari hii amevaa koti na viatu vya kanisani. "Kama kosa lenyewe ni mimi," akasema, "basi nikae hapohapo lilipotendekea." Mama akamwomba asiseme kitu. Akakubali, kwa namna ya mtu ambaye hajakubali.

Walikuwa watatu kwenye vijisanduku vyao. Mwenyekiti, mama mwenye miwani. Mwanamume mmoja aliyesoma mashtaka. Na profesa mmoja ambaye kamera yake ilionyesha paji la uso tu, sauti imezimwa.

"Kulikuwa na dharura yoyote?" mwenye mashtaka akauliza.

Hapo ndipo palipokuwa na presha na ngazi, zimeandaliwa tayari. Nilikuwa nyuma ya kijidirisha changu na nilimwomba Mungu azichukue zote mbili.

"Hapana," Mama akasema. "Baba yangu alikuwa mlangoni. Alishapiga hodi ya tatu."

"Kanuni ulizijua?"

"Nilizijua."

"Katika rekodi mzee anasikika akizungumza lugha nyingine kwa muda. Alikuwa anakwambia nini?"

"Kwamba ng'ombe amezaa, ndama ni jike. Na karanga hazikutoka vizuri."

Yule bwana akaandika. "Na wewe ukamjibu nini?"

"Nilimuuliza kama maziwa yanatosha."

Akaandika na hilo. Mwenyekiti akavua miwani, akauliza huyo mzee yuko wapi. Mama akaigeuza kompyuta. Babu akatokea, wima, fimbo magotini, uso ameuelekeza kwenye televisheni iliyofunikwa. Nikaona mwenyekiti anajisogeza kwenye kiti chake kama mtu anayevaa kiatu haraka.

"Shikamoo mzee," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Mwenye mashtaka akaweka kalamu chini. "Shikamoo mzee."

"Marahaba." Babu akainamisha sikio, akangoja. "Niliambiwa mko watatu."

Profesa alikuwa anasalimia, paji la uso linapanda na kushuka, ila hakuna kilichosikika. "Profesa, fungua sauti," mwenyekiti akamwambia. Akahangaika, akapotea, akarudi, akatokea pua. "Shikamoo mzee, samahani sana, shikamoo."

"Marahaba. Huko mliko mvua imenyesha?"

Wakamweleza. Mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mvua yake, na Babu akawapa pole na hongera kulingana na hali. Mama akangoja mpaka wakamaliza.

"Ndicho nilichofanya," akasema.

Ningependa kuandika kwamba walimpa shahada palepale. Kanuni ni kanuni. Hakufukuzwa, ila mtihani ulifutwa, akaruhusiwa kuurudia msimu unaofuata, na msimu unaofuata ulikuwa baada ya nafasi kutangazwa. Alikuja kijana mwenye shahada na viatu vizuri. Nilijiandaa kumchukia, akaniharibia kwa kumwamkia Mama kila asubuhi. Mama akarudi kwenye meza ya kawaida. Hakuwa tena kaimu wala mkuu, hata zile herufi tatu akanyang'anywa. Nikadhani chuo kimefungwa. Nikarudisha makochi katikati, nikaifunua televisheni, nikalala chali mbele yake kwa raha zangu. Siku chache baadaye nikatoka shule nikakuta makochi yamerudi ukutani na bilauri inaongea.

"Mama, ile nafasi si imeshakwenda?"

"Imekwenda."

"Sasa unasoma ya nini?"

Alikuwa anafagia huku mhadhiri akizungumza, akanifikia mimi, akasimama kidogo. "Ile ya kwanza nilikuwa namsomea atakayenithibitisha," akasema. "Hii najisomea. Sogeza miguu."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi mwaka huu, nikiwa kidato cha nne, nikisoma vitu nisivyojua namsomea nani. Sijapata la kwangu. Wakati ule nilisogeza miguu tu.

Siku ya marudio Babu alikuja tena, kwa kusudi safari hii. Akaomba kiti, akakiweka barazani mbele ya mlango, akakaa na fimbo yake ameilaza kizingitini. Aliyepiga hodi alijibiwa na yeye, kabla hajafika kwenye pazia. "Karibu, ila si sasa." Akamwambia hivyo balozi wa nyumba kumi, akamwambia msoma mita ya maji, akamwambia Mama Johari mara mbili. Mimi sikufungiwa jikoni. Alinikalisha pembeni yake, mkono wake begani kwangu, kwa madai kwamba anahitaji mtu wa kumwelekeza, ila kila nilipotaka kuinuka ule mkono ulikuwa mzito ajabu. Ndani kulikuwa kimya. Babu alikuwa anakisikiliza kile kimya kama redio. Mama alifaulu.

Na mwezi uliopita, kanisani Buigiri, kabla hatujaenda makaburini, mwendesha ratiba alishika karatasi yake akatangaza kwamba sasa, kwa niaba ya familia, atazungumza binti wa marehemu. Mama akainuka. Nilijua hatakubali hilo neno lipite.

"Siongei kwa niaba ya familia," akasema. "Familia ipo, ina midomo yake. Naongea mimi."

Shangazi akashusha pumzi. Mama hakufungua karatasi yoyote. Akaligeukia jeneza.

"Shikamoo baba," akasema.

Akangoja. Kanisa lote likangoja naye, muda mrefu, kama tulivyomngoja yule profesa afungue sauti. Kisha Mama akaendelea na salamu pale zilipotakiwa kuendelea.

"Ng'ombe wako amezaa tena," akamwambia. "Jike."

Kutoka benchi la nyuma nikamsikia Sosi akicheka, kicheko kizima, cha mdomo wazi, na hakuna mtu aliyegeuka kumtazama.